Mshahara wa Mama

Tarehe 27 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Barua yako ilifika imekunjwakunjwa kama shati la mtu mwenye haraka, lakini ilisomeka. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti, nalo ni goti la siku zote, tumeshazoeana. Wewe je? Kikohozi kimekwisha? Huko juu ya nguzo za umeme kuna upepo, na najua sweta niliyokununulia umeifanya mto.

Jana nilikwenda dirishani kuchukua mshahara wangu. Usicheke. Najua kampuni inauita mgao wa nyumbani, kwamba wanakukata wewe huko kambini theluthi ya malipo yako na kunipa mimi hapa ofisi ya tawi. Wauite wanavyotaka. Nilikubeba, nikakulea peke yangu, nikafua nguo za watu mpaka kucha zikalainika ili usome ufundi. Siku ulipoajiriwa ukaandikisha jina langu, niliacha kufua, nikasema sasa na mimi nimeajiriwa. Kila mwisho wa mwezi navaa gauni langu la bluu na viatu vinavyobana, nakwenda kupokea haki yangu.

Benchi lilikuwa limejaa kina mama wenzangu. Unajua karani wa dirishani anatuita kwa kazi za watoto wetu: Mama Dereva, Mama Mpishi, Mama Mchomeleaji. Akisema "Mama Nguzo" mimi husimama polepole makusudi, ili wapate nafasi ya kunitazama. Ni majivuno, najua, lakini sina mengine.

Sasa nikuulize. Mama Mchomeleaji, mama yake yule rafiki yako Bawaba, anasema amesikia malipo yatabadilishwa, mambo ya benki na kadi. Ni kweli? Kama kuna jambo niambie wewe mwenyewe. Mfanyakazi hapashwi habari za kazi yake na jirani.

Ni mimi mama yako, mfanyakazi mwenzako.


Tarehe 14 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuhurumia. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na sweta naivaa, tena sasa hivi nimeivaa.

Habari uliyoisikia ni ya kweli. Zile bahasha za Ijumaa zimekwisha. Zamani gari la mshahara likionekana tu tulikuwa tunashuka nguzoni kama nyani walioona ndizi. Wiki iliyopita walikuja na sanduku la kadi za benki badala yake. Karani wa kambi aliweka meza chini ya turubai, tukapanga foleni, mmoja mmoja akaitwa, akaulizwa mawili matatu, akapewa kadi yake. Bawaba aliipigapiga yake kwenye goti, akaiweka sikioni asikie kama kuna kitu ndani, halafu akacheka kile kicheko chake cha mlango uliokosa mafuta. Kambi nzima ilicheka.

Mama, ile theluthi ya dirishani imeondolewa. Kampuni imeamua malipo yote yaingie kwa jina la mfanyakazi. Mimi sikupenda, lakini sisi wadogo tutasema nini? Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nitakutumia mwenyewe kwa simu ya muuza duka, kila mwisho wa mwezi, tena nitazidisha, kwa sababu sasa pesa nazishika zote mimi. Hutahitaji tena kuvaa viatu vinavyobana.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama, mvua imeanza na paa halijalalamika. Unakula vizuri? Mtu anayening'inia hewani asipande na njaa.

Ulizotuma zilifika, na ulizidisha kweli, Mungu akuzidishie. Ila nikueleze zilivyofika. Nilikwenda dukani kuchukua sabuni. Duka limejaa watu. Muuza duka akanyanyua simu yake juu, akasema kwa sauti, "Mama, leo mtoto kakukumbuka." Watu wote wakageuka kunipongeza. Nikasema asante. Njiani nikawa nafikiri: zamani nilikuwa nalipwa, sasa nakumbukwa. Maana anayekumbuka anaweza pia kusahau, na hakuna wa kumlaumu.

Usidhani nakulaumu. Nakutania tu. Nimeachishwa kazi bila barua wala mkono wa kwaheri, lazima nilalamike kwa mtu, na mtu wangu ni wewe.

Mwisho wa mwezi nilikwenda ofisi ya tawi kuwaaga wenzangu, nisije nikaonekana nimetoweka kama mwenye madeni. Nilivaa gauni la bluu. Benchi bado lipo. Karani ana miwani mipya, imemfanya afanane na bundi.

Nikuulize kitu kimoja, na usinione mbishi. Kuuliza si ujinga. Hiyo theluthi ya dirishani, mmeondolewa wote, au baadhi yenu?

Ni mimi mama yako, mfanyakazi mstaafu.


Tarehe 5 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka sana kwa bundi. Mimi ni mzima, kazi inakwenda, tumevuka bonde na sasa tunavuta nyaya upande wa milimani, ambako hata mbuzi wanapanda wakilalamika.

Kuhusu swali lako: wote, mama. Ni uamuzi wa juu.

Mwezi huu nimetuma kidogo, niwie radhi. Kuna pikipiki nimeichukua kwa malipo ya polepole. Nyekundu, haijachubuka popote. Nilifikiri likizo nitakuja nayo, nikupakie nikupeleke popote unapotaka, goti lipumzike. Mwezi ujao nitafidia yote.

Muuza duka nitamwambia apunguze sauti.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Samahani kwa madoa kwenye karatasi, ni maji tu, sikuwa nimekausha mikono vizuri. Usihangaike na mwezi uliopita wala huo mwingine. Nimejipanga. Pikipiki uiendeshe taratibu, na kofia ngumu uvae, si kuitundika kwenye usukani kama wenzako.

Wenzangu wa benchi wanakusalimu.

Mama yako.


Tarehe 19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Goti? Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Hukunitania hata mara moja. Nilitafuta mzaha nikakosa, na mwisho hukuandika mfanyakazi wala mstaafu. Uliandika mama yako tu, kana kwamba mengine yamefutwa.

Nimetuma kidogo jana. Najua ni kidogo. Mwezi wa sita sikutuma kitu kabisa, na wa saba nilituma salamu kwa muuza duka, ambayo ni sawa na kutotuma kitu. Nataka nikueleze ilivyo, ingawa sina hakika kama kueleza kunasaidia.

Zamani bahasha ilikuwa inanifikia imeshakatwa. Theluthi yako sikuwahi kuiona, kwa hiyo haikuniuma. Nilikuwa naambiwa na watu kambini, wewe unamtunza mama yako, na mimi naitikia kwa kichwa, naona kweli mimi ni mtu mwema. Sasa zinaingia zote kwangu. Nasema kesho nitatuma. Zikilala kwangu usiku mmoja tu, asubuhi zinaniita baba. Mara tairi, mara jamaa ameomba kidogo, mara nimeona koti zuri na huku kuna baridi kweli. Kila kitu kina sababu yake. Nikija kukumbuka, umebaki wewe, na kwako nimebakiwa na aibu.

Nimeanza kufikiri kwamba miaka yote hii mwana mwema alikuwa ni karani.

Umeandika kwamba wenzako wa benchi wananisalimu. Sikuelewa mnakutana wapi siku hizi. Kama ni sokoni, wasalimu na wewe.

Ni mimi mwanao, ninayeona haya.


Tarehe 16 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Hukujibu barua ya Agosti, na sasa najua kwa nini, kwa hiyo leo sikuulizi habari za goti. Najua linachofanya goti lako. Linapiga magoti kwenye beseni.

Juzi Bawaba alinijia nikiwa nafuta pikipiki vumbi. Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo, akasema amepata barua kutoka kwa mama yake, na kuna jambo ndani ambalo angependa limhusu mtu mwingine. Akanieleza.

Akasema kila mwisho wa mwezi unakuja dirishani. Umevaa gauni la bluu. Unakaa mahali pako kwenye benchi, kati ya Mama Mpishi na mama yake, mnaongea, mnacheka, unaulizia wajukuu. Kina mama wote wanaitwa, wanachukua. Foleni ikikaribia kwako unafungua mkoba, unapekua, unajipiga paji la uso, unasema jamani nimesahau kitambulisho nyumbani, nitarudi kesho. Unaondoka kabla karani hajafika mahali ambapo jina lako lingekuwa. Umefanya hivyo Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai na Agosti. Na kutwa nzima unafua mashuka ya ile nyumba ya wageni karibu na kituo, kwa sababu hutaki muuza duka akuone unakopa.

Mama, wanajua. Bawaba anasema mama yake aliandika hivi: "Tunajua sote. Lakini tunasogea kumpisha akae, na akisahau kitambulisho na sisi tunamsikitikia."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Kwa hiyo ulikuwa unajua tangu mwanzo. Ulikuwa umeshaona benchi limejaa, kina mama wanalipwa kama zamani, uliponiuliza ni wote au baadhi. Ulikuwa unanipa mlango wa kutokea, na mimi nikaufunga. Njia ya mwongo ni fupi, wewe ndiye uliyenifundisha, nami niliikuta imekwisha miguuni pangu.

Basi ukweli ni huu. Siku ya kadi, chini ya turubai, karani alimuuliza kila mtu swali moja: "Zote kwako, au kama zamani?" Bawaba alisema kama zamani. Dereva alisema kama zamani. Karibu kambi nzima ilisema hivyo. Mimi nikasema zote kwangu. Kampuni haikuondoa kitu. Niliyekuondoa ni mimi.

Nilikuwa na nia ya kutuma mwenyewe, tena kwa kuzidisha. Hilo si uongo. Lakini nia niliyo nayo ndiyo hiyo hiyo kila mwezi, na beseni lako lina mashuka.

Jana niliomba ruhusa, nikaenda kwa karani, nikamwambia arudishe kama zamani. Alinitazama, akaandika. Nilitamani anikaripie. Mwisho wa mwezi huu utaitwa. Tafadhali nenda na kitambulisho. Pikipiki nitaiuza, nimeshampata mtu.

Naomba msamaha. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo.

Mwanao.


Tarehe 6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Natumaini na wewe u mzima, na kwamba unakula, maana najua ukiwa na jambo moyoni unaacha kula halafu unapanda nguzo ukiwa mwepesi. Usifanye hivyo.

Niliitwa. Karani bundi alisema "Mama Nguzo". Miaka yote nilikuwa nasimama polepole ili wanione. Safari hii nilisimama haraka, wasije wakanitazama. Mama Mpishi alinishikia mkoba. Mama Mchomeleaji akasema kwa sauti, ili hata walio nje wasikie, "Hatimaye amekikumbuka kitambulisho," na wote wakacheka, na mimi nikacheka, na nilipofika dirishani nilikuwa nalia. Karani alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nimepokea. Nimewarudishia nyumba ya wageni mashuka yao, nikawaambia watafute mwenye mikono mipya.

Sasa nikuambie ya kwangu. Ule mwisho wa Machi sikuwa nimekwenda kupeleleza. Nilikuamini. Nilikwenda kuwaaga, na nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, kwamba jamani tumefanya kazi pamoja vizuri, sasa wametuachisha sote, tutembeleane. Nilifika nikawakuta wanapokea. Mama Dereva akasogea akanipisha nikae, nikakaa. Hotuba niliimeza. Ningesema nini? Kwamba wao watoto wao walisema kama zamani? Basi nikapekua mkoba. Mwezi uliofuata sikujua jinsi ya kutokwenda, kwa sababu nisipokwenda wangejua. Aibu haikuwa yangu, lakini nilikuwa nimeibeba mimi, kwa vile mwenyewe hakuwepo.

Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi akiukasirikia ataupeleka wapi? Kwa hiyo usiombe tena. Pikipiki usiiuze kwa hasara ili uonekane unajuta. Lipa polepole, njoo nayo likizo, unipakie. Nataka muuza duka anione nikipita.

Lakini kusamehe ni kitu kimoja, na kujua ni kingine. Naamka usiku nalifikiria jambo moja tu. Si mashuka, si ile miezi. Nakufikiria umesimama mbele ya meza, karani anauliza, "Zote kwako, au kama zamani?" Kama zamani ndiyo mimi. Nataka kujua: ulisita?

Hata kidogo, kama mtu anavyovuta pumzi kabla ya kuruka mtaro. Ukiniambia ulisita nitakuamini, na nitalala. Lakini usiniambie kwa sababu unataka nilale.

Mama yako.


Tarehe 10 Desemba

Mama,

Shikamoo. Najua nimekawia. Dirishani naamini waliendelea kukuita, Oktoba na Novemba, maana hilo silishiki tena mimi.

Nimekuandikia majibu mengi. Katika la kwanza nilisita. Ilikuwa barua nzuri, nilieleza hadi jinsi nilivyotazama chini, na kalamu ya karani ikingoja. Nilipoisoma nililia, nikakaribia kuiamini. Nilimsomea Bawaba. Akaniuliza, "Kweli ilikuwa hivyo?" Nikaichana. Katika nyingine niliandika kwamba sikumbuki, nayo nikaichana. Nyingine ilisema watu walikuwa wengi nyuma yangu wananisukuma. Walikuwa wengi, ni kweli. Hawakuwa wananisukuma.

Likizo yangu inaanza tarehe ishirini. Pikipiki ninayo bado, na kofia ngumu ya pili nimekununulia, ya bluu, ifanane na gauni. Nilitaka kungoja nije nikuambie uso kwa uso, lakini najua nikikuona nitasema uongo. Ni afadhali uwe umeshasoma, ili nikigonga uamue mwenyewe kama utafungua.

Sikusita, mama. Karani alikuwa hajamaliza kuuliza.

Mwanao.